Kambi ya Cultybraggan: kijiji kilichonunua gereza la vita

Jeshi la Uingereza lilifunga virago Cultybraggan mwaka 2004. Liliacha ekari 90 za ardhi, makumi ya mabanda ya mabati yenye umbo la nusu duara, na handaki la nyuklia ambalo halikuwahi kutumika kwa kazi lililojengewa. Kambi iko kusini kidogo ya Comrie, kijiji cha watu wapatao 2,000 katika jimbo la Perthshire, Uskoti, pale nchi tambarare inapokutana na milima. Wenyeji walikuwa wameishi na kambi hiyo tangu mwaka 1941. Babu zao waliiona ikijaa mateka wa Kijerumani. Wazazi wao walizoea milio ya risasi za wanajeshi wa akiba na vijana wa kadeti waliokuja kufanya mazoezi. Sasa Wizara ya Ulinzi ilitaka kuuza.

Tunajua namna mambo kama haya yanavyokwenda kwa kawaida. Anatokea mnunuzi mwenye fedha, anabomoa, anapima viwanja, na baada ya miaka kumi hakuna anayekumbuka kilichokuwepo. Au serikali inaweka kibao cha "eneo la kihistoria", inazungushia uzio, na mabati yanaoza taratibu ndani ya uzio huo huo. Comrie iliepuka yote mawili. Nataka kulichambua jambo hili kwa kirefu kwa sababu nadhani wengi wanaolisifu wanasifu mabanda yaliyokarabatiwa, ilhali kazi kubwa ilifanyika kabla hata bati moja halijabadilishwa.

Kazi hiyo ilianza na sheria. Mwaka 2003 Bunge la Uskoti lilipitisha Sheria ya Mageuzi ya Ardhi, na sehemu yake ya pili iliwapa wakazi wa maeneo ya vijijini haki ya kununua ardhi kabla ya mtu mwingine yeyote. Utaratibu wake ni mgumu makusudi. Wakazi wanaunda chombo chao cha kisheria, ambacho wanachama wake wengi lazima wawe wenyeji wa eneo lililotajwa. Chombo hicho kinasajili nia yake juu ya ardhi fulani. Mwenye ardhi akiamua kuuza, anazuiwa kumuuzia mwingine mpaka wenyeji wapewe nafasi yao. Mthamini huru anapanga bei, wakazi wanapiga kura, waziri anaridhia, kisha wananunua ndani ya muda uliowekwa. Wakichelewa, haki inawaponyoka.

Kwa hiyo Comrie haikupewa kambi kama zawadi. Mwaka 2006 wakazi waliunda shirika lao, Comrie Development Trust. Kura ilipigwa, wengi wakaunga mkono, na mwezi Septemba 2007 kijiji kikanunua kambi nzima kwa pauni 350,000 ambazo sehemu kubwa ilitokana na mkopo. Fikiria watu 2,000, wengine wastaafu, wengine wakulima na mafundi, wanakubali deni la namna hiyo kwa ajili ya mabanda yaliyochakaa. Na waliamua kwa kura, nyumba kwa nyumba, wakijua kuwa likiharibika limeharibika mikononi mwao.

Hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki. Kura ile ilimlazimisha kila mkazi kujiuliza anataka nini na kambi hii, kabla mtaalamu wa urithi hajafika na michoro yake. Wapo waliotaka viwanja vya michezo. Wapo waliotaka sehemu za kulima mboga, wapo waliotafuta karakana ya bei nafuu, na wapo waliotaka historia ihifadhiwe. Hayo yote leo yapo ndani ya kambi moja: bustani za wakazi, shamba la miti ya matunda la kijiji, uwanja wa michezo, biashara ndogo ndogo zilizopanga mabanda, makumbusho, na malazi ya wageni. Anayetarajia eneo la urithi lililopangwa kama kanisa atashangaa kukuta fundi anapiga randa mbao hatua chache kutoka banda lililolindwa kwa daraja la juu kabisa la sheria ya majengo ya kale. Mimi naona ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Historia yenyewe si ya kujivunia kirahisi. Kambi namba 21, kama ilivyoitwa wakati wa vita, ilijengwa kuchukua mateka wapatao 4,000. Waingereza waliwapanga mateka wao kwa rangi kulingana na imani zao za kisiasa: weupe waliompinga Hitler, kijivu waliokuwa katikati, na weusi waliobaki waaminifu kwa Unazi. Cultybraggan ilikuwa kambi ya weusi. Desemba 1944 Waingereza waligundua njama ya mateka waliokuwa Devizes, kusini mwa Uingereza, ya kuvunja kambi na kupora silaha. Waliohusishwa na njama hiyo wakahamishiwa Cultybraggan, na kati ya waliofika alikuwemo askari mmoja aitwaye Wolfgang Rosterg.

Rosterg alijua lugha kadhaa, aliwasomea wenzake habari za magazeti ya Kiingereza, na hakuficha kwamba hakuupenda Unazi. Wenzake wakamtuhumu kuwa ndiye aliyewasaliti. Usiku wa kuamkia Desemba 23 walimpiga, wakamfanyia kesi yao wenyewe bandani, wakamburuta hadi vyooni na kumnyonga. Mwaka 1945 mahakama ya kijeshi jijini London iliwashtaki watu wanane. Sita walihukumiwa kifo, mmoja akapunguziwa adhabu, na watano walinyongwa katika gereza la Pentonville Oktoba 6 mwaka huo.

Kijiji kinachotafuta watalii kingeweza kulifunika jambo hili. Comrie haikulifunika. Mgeni anayeulizia anasimuliwa, na mabanda ya enzi hiyo yangalipo. Baadhi yake yako katika daraja A, daraja la juu kabisa Uskoti, na kambi inahesabiwa miongoni mwa kambi chache za mateka zilizobaki katika hali nzuri Uingereza nzima. Kwa maoni yangu, uamuzi wa kumweka Rosterg ndani ya simulizi ulikuwa muhimu sawa na uamuzi wa kununua. Mtu aliyeuawa kwa kusema alichoamini hana kaburi la heshima mahali pale. Kumtaja ndiyo heshima aliyobakiwa nayo.

Sasa tuje kwenye mabanda, maana hapa kuna mambo ya ufundi yanayostahili kuangaliwa kwa karibu. Banda la namna hii lilibuniwa mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, na mhandisi wa jeshi, Meja Peter Nissen. Ni mbavu za chuma zilizopindwa nusu duara, juu yake mabati ya migongo yaliyokunjwa kufuata mbavu hizo, chini sakafu, na ncha mbili zinazozibwa kwa ukuta wenye mlango na madirisha. Wanaume sita waliweza kusimamisha banda moja kwa saa nne. Halikukusudiwa kudumu. Lilikusudiwa kubebwa kwenye lori, kusimamishwa matopeni, kutumika, kisha kung'olewa vita ikiisha.

Ugumu wote wa ukarabati unatokana na hilo. Kanisa la mawe la miaka 400 lilijengwa na watu waliotaka lidumu. Fundi anayelikarabati anafuata nia yao. Banda la Nissen linakarabatiwa kinyume cha nia ya aliyelijenga. Bati jembamba lililopindwa huanza kuoza chini kabisa, pale linapogusana na zege na maji ya mvua yanaposimama. Ndani, usiku wa baridi, pumzi za watu hugeuka matone kwenye bati na kudondoka. Chuma cha mbavu kinapata kutu upande ambao hauonekani. Ukienda dukani leo kutafuta bati la kuziba pengo, unakuta migongo haina upana ule ule, geji si ile, na hakuna anayelikunja kwa mzingo unaoutaka isipokuwa umwagize maalumu. Bati moja la viraka lenye migongo tofauti linaonekana kutoka mbali, na maji yanapita pale pale lilipokutana na la zamani.

Halafu kuna suala la baridi. Uskoti si mahali pa kumlaza mgeni anayelipa ndani ya bati tupu. Ukiweka tabaka la kuzuia baridi ndani, unaficha mbavu na ule mpindo ambao ndio uzuri wa banda. Ukiliweka nje, unabadilisha sura nzima, na safu ya mabanda haifanani tena na picha za mwaka 1944. Hakuna jibu moja lililo sahihi. Comrie haikutafuta jibu moja. Mabanda kumi yaligeuzwa malazi yenye joto, vitanda na majiko. Mengine yakawa karakana, ambako mpangaji anahitaji paa lisilovuja na umeme, basi. Mengine, hasa yaliyo katika daraja A, yanatunzwa yakiwa karibu na hali yake ya vita, baridi na yote.

Wataalamu wengine wa urithi hawapendi mpangilio huo. Wangependa kambi nzima irudishwe mwaka mmoja mahususi, tuseme 1944, na kila kilichoongezwa baadaye kiondolewe. Siwaungi mkono. Kambi iliishi miaka michache tu kama gereza la mateka na zaidi ya miaka hamsini kama uwanja wa mazoezi wa jeshi. Ukiirudisha 1944 unafuta maisha ya maelfu ya vijana waliolala humo baada ya vita, na unabaki na seti ya filamu. Zaidi ya hapo, makumbusho ya mabanda mengi kiasi hicho hayawezi kujilipia. Fundi seremala anayelipa kodi ya banda kila mwezi analinda bati la banda hilo vizuri kuliko kibao chochote, kwa sababu likivuja mbao zake ndizo zinazolowa.

Handaki ni habari nyingine. Lilikamilika mwaka 1990 ili viongozi wajifiche na kuendesha nchi iwapo bomu la nyuklia lingeanguka. Vita Baridi ikaisha karibu wakati huo huo. Kijiji kikajikuta kinamiliki jengo la zege chini ya ardhi lenye kuta nene na vyumba vingi, ambalo gharama ya kulikausha na kuliwasha taa ni mzigo. Mwaka 2014 kililiuza kwa kampuni ya kuhifadhi data. Wako wanaoona kuwa huo ulikuwa usaliti wa urithi. Ningekuwa mkazi ningepiga kura ya ndiyo. Fedha ilihitajika, deni lilikuwepo, na handaki halikuwa na uhusiano na kumbukumbu za wakazi wenyewe. Wachache sana waliwahi kuingia humo. Pia ni jambo la afya kwa shirika la kijiji kuweza kusema "hiki hatukimudu" na kukiachia, kuliko kung'ang'ania kila kitu mpaka vyote viharibike pamoja. Ninachokiona kama udhaifu ni kwamba ukishauza sehemu ya eneo, mnunuzi naye anaweza kuuza kwa mwingine, na sauti ya kijiji juu ya sehemu hiyo inapungua kila mara. Masharti ya matumizi na ya kuruhusu wageni yanapaswa kuandikwa ndani ya hati siku ya kwanza.

Kuna mtu mwingine wa kambi hii ambaye hawezi kuachwa. Heinrich Steinmeyer alikuwa kijana wa miaka 19 katika kikosi cha Waffen-SS, jeshi la chama cha Kinazi, alipotekwa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1944. Alifungwa Cultybraggan. Husimuliwa kwamba watoto wa shule wa Comrie walikuwa wakizungumza naye kupitia seng'enge, wakagundua kuwa hajawahi kuona sinema maishani mwake, wakamtorosha kwa kificho kwenda kuangalia na kumrudisha. Vita vilipoisha alibaki Uskoti akifanya kazi kwa miaka mingi, na hata aliporejea Ujerumani aliendelea kuja Comrie kutembelea marafiki. Desemba 2016 ilitangazwa kwamba ameacha wosia: pauni 384,000 kwa ajili ya wazee wa kijiji, kama shukrani kwa wema aliotendewa na watu waliokuwa na kila sababu ya kumchukia. Shirika la kijiji lilikabidhiwa kusimamia fedha hizo.

Magazeti yalilipenda sana jambo hili, na ni kweli linagusa moyo. Lakini mchambuzi wa kisa anapaswa kuona kitu cha pili. Kiasi alichoacha Steinmeyer ni kikubwa kuliko bei ya kambi yenyewe. Na kilipata mahali pa kufikia kwa sababu kijiji kilikwisha kuwa na chombo halali chenye wanachama, hesabu zinazokaguliwa na uongozi unaochaguliwa. Bila chombo hicho fedha ile ingekuwa chanzo cha ugomvi. Nimeona vijiji vingi vikigombana kwa fedha ndogo kuliko hiyo, hadi udugu unavunjika, kwa sababu tu hakukuwa na mahali pa kuipokelea.

Vilevile, Steinmeyer na Rosterg wanatakiwa kusimuliwa pamoja. Mmoja alivaa sare ya SS na akabadilishwa na wema. Mwingine alikuwa upande wa haki tangu mwanzo na akauawa na watu wa aina ya Steinmeyer. Ukimweka wa kwanza peke yake mbele ya mgeni, unamuuzia hadithi tamu isiyokamilika.

Nimeandika haya nikiifikiria Kongwa, na ingekuwa vibaya nisiseme kwa nini. Kongwa, mkoani Dodoma, ni ardhi iliyotumika mara mbili kwa mipango ya watu wa mbali. Kwanza ulikuja mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni, ulioanza 1947 na kutelekezwa 1951 baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Kisha, baada ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuunda Kamati ya Ukombozi mwaka 1963 na kuiweka Dar es Salaam, Kongwa ikawa kambi ya wapiganaji. FRELIMO ya Msumbiji walifika 1964, na ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola wakawa na wapiganaji wao hapo. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, alipita Kongwa. Chris Hani wa ANC naye. Wanamgambo wa SWAPO waliopambana na jeshi la Afrika Kusini huko Omugulugwombashe, kaskazini mwa Namibia, Agosti 26, 1966 walikuwa wametokea Kongwa.

Tanzania ndiyo mwenyeji wa Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, na Kongwa imo katika maeneo yanayotajwa kila programu hiyo inapozungumzwa. Mfumo wetu wa ardhi ni tofauti na wa Uskoti: ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, kwa hiyo hakuna "haki ya kununua kwanza" ya kunakili. Sidai kuwa tuige sheria yao. Ninachodai ni kwamba lile swali lililoulizwa Comrie kwa njia ya kura linaweza kuulizwa Kongwa kwa mkutano wa hadhara: ninyi wenyewe mnataka nini hapa, na nani atashika funguo?

Wenyeji wa Kongwa hawakuwa watazamaji. Wagogo wa pale waliwauzia wapiganaji nafaka na pombe, walicheza nao mpira, walioana nao. Walizaliwa watoto ambao baba zao walirudi kusini au walikufa vitani, na wako watu wazima leo wanaobeba nusu ya ukoo wasioujua. Wapiganaji wengine walizikwa hapo hapo. Na kuna upande mchungu kama ule wa Rosterg: wapiganaji waliopingana na viongozi wao, wengine wakatoroka kambi hadi Kenya, wengine wakawekwa kizuizini. Makumbusho yatakayotengenezwa na ofisi peke yake, kwa ajili ya ziara za mabalozi, yatakuwa na picha za viongozi ukutani na hayatakuwa na nafasi ya mama aliyelea mtoto wa mpiganaji peke yake kwa miaka hamsini.

Kwa hiyo kama ningepewa nafasi ya kupanga hatua za mwanzo Kongwa, rangi na mabati vingengoja. Ningeanza na wazee, kwa sababu waliokuwa vijana wa miaka 20 mwaka 1964 sasa wamepita 80, na kila msiba unaondoka na ushahidi. Sambamba na hilo, wakazi waunde chombo chao kilichosajiliwa, chenye akaunti, ambacho halmashauri na wizara vitaingia nacho mkataba wa maandishi: nani anakusanya kiingilio cha mgeni, asilimia ngapi inabaki, waongozaji wageni wanatoka wapi, majengo yapi yanaweza kupangishwa kwa mafundi na vikundi vya akina mama, na makaburi yanasimamiwaje pale ndugu kutoka Namibia au Afrika Kusini wanapokuja kutafuta jamaa zao. Mkataba huo usomwe mkutanoni kwa Kiswahili na, kwa wazee, kwa Kigogo, kabla mkandarasi hajaitwa.